Uzi Kwenye Gamba la Karani

Jumamosi, 7 Aprili 1984

Leo Lenah ameniambia tena nimtupe Karani. Ameniambia mbele ya wanawake wa kikundi cha kanisa, wameketi sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu, wanakula mandazi yangu. "Dada, hiyo kitu haikui. Miaka sita! Umeona wapi kitu inaishi na haikui?" Wenzake wakaguna, wakaangalia vikombe. Hakuna aliyeniangalia tumboni, lakini nilijua wote wanawaza tumbo langu.

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitagombana na mtaa mzima wa Jericho, hapa Nairobi, na hawa ndio wanaoniletea nguo za kushona.

Karani ni kobe. Dishon, mume wangu, alimwokota barabarani karibu na Athi River wiki tuliyooana, lori la kampuni lilipoharibika, akaniletea ndani ya kofia. Nikamwita Karani kwa sababu alitoa shingo polepole akatutazama kama karani wa ofisi aliyeulizwa swali wakati wa chai. Tangu siku hiyo analala kwenye katoni ya sabuni chini ya kitanda, watoto wa nje wasimwibe. Anakula ugali na maziwa kama sisi. Mama mkwe wangu, tunayemwita Mayi, alinifundisha hivyo alipotutembelea. Alisema kwake hata paka hula ugali, na kumnyima mnyama wa nyumbani ugali ni kumwambia yeye ni mgeni. Niliyapenda maneno hayo, nikayafuata.

Na ni kweli hajakua. Bado anaenea kwenye kofia ile ile. Gamba limeota vinundu, na ukilibonyeza pembeni linabonyea kama kiatu kilicholala kwenye maji. Miguu ya nyuma anaiburuta. Basi? Mtoto wa mtu akiugua, anatupwa?

Wageni walipoondoka nilichukua uzi mwekundu wa kushonea vifungo, nikamzungushia gamba pale penye upana, nikaukata mahali ncha zilipokutana. Ndivyo ninavyompima mteja kiuno futi ikipotea. Nimeubandika uzi kwa pini kwenye pazia la dirisha. Siku ncha zitakapokataa kukutana nitamwita Lenah aje aone, na siku hiyo nitampa chai bila mandazi.

Jumatano, 18 Aprili

Mvua hakuna. Wingu lilikuja, likatutazama, likaenda zake upande wa Embakasi.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Lenah amekwenda kwao Bungoma, ni jirani na kwa Mayi. Nimempa leso mpya ampelekee Mayi. Karani amekataa ugali. Nimemtia maziwa mdomoni kwa kijiko, yakatokea puani.

Jumapili, 29 Aprili

Lenah amerudi. Leso ilipokelewa vizuri. Halafu akaniambia, sauti ya chini, kana kwamba ananionea huruma: "Mayi anasema mnyama asiyekua amefunga nyumba. Mwezi wa nane, wakishavuna, anakuja mwenyewe amchukue na gunia. Halafu atakuletea msichana wa kukusaidia kazi."

Kila mwanamke wa kwetu anajua msichana huyo huja kusaidia kazi gani.

"Nani alimwambia habari za Karani?"

"Si aliuliza habari za nyumba, dada. Ningemdanganya mtu mzima?"

Nilimweleza Dishon wakati wa chakula. Akakwangua sufuria, akasema, "Mayi ni mzee," akaenda kusikiliza mpira kwenye redio. Nilitaka kumtupia mwiko.

Mimi nilikwenda hospitali mwaka juzi. Nilipimwa kila mahali mwanamke anapoweza kupimwa. Daktari akasema sina kasoro yoyote, nimlete mume wangu. Dishon akasema ana zamu. Ana zamu mpaka leo.

Sawa. Waje na gunia. Lakini hawatamkuta huyu kobe akiburuta miguu, naapa. Jinsi nitakavyofanya sijui bado.

Jumanne, 8 Mei

Unga hakuna. Nimepanga foleni dukani kwa Magan tangu asubuhi, nikapata pakiti moja baada ya kusukumwa na wanawake wenye viwiko vya chuma. Nilipomkatia Karani tonge lake Dishon akasema, bila hata kuinua macho, "Nangila, huo unga ni wa watu."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikambeba Karani na katoni yake, nikatoka naye nje mchana kweupe, mbele ya kila mtu, nikamweka kwenye nyasi chini ya kamba za nguo. "Basi kula nyasi kama mbuzi!" nilimwambia, lakini nilikuwa namwambia Dishon.

Akakaa. Akafumba macho kwa sababu ya jua. Kisha akatoa shingo yote, sijawahi kuona ana shingo ndefu hivyo, akaanza kutembea akiburuta makalio. Nilikuwa nimemtupia jani la sukuma wiki. Alilipita. Akaenda moja kwa moja kwenye mchunga ulioota kando ya ukuta, ule mchungu ambao hata sisi tunauchemsha mara mbili, akaung'ata. Akaula wote mpaka shina. Niliketi chini pale pale na gauni la mteja mapajani, nikasahau kushona.

Miaka sita nimekuwa nikimpa upendo wa Mayi kwenye kijiko, na alichotaka kilikuwa kando ya ukuta.

Jumatano, 9 Mei

Amekula tena. Katoni nimeipasua, nimewashia jiko.

Alhamisi, 10 Mei

Nimechukua katoni nyingine dukani kwa Magan, maana usiku lazima alale ndani. Lakini itakaa sebuleni, si chini ya kitanda.

Jumapili, 20 Mei

Mvua imetukataa kabisa, nyasi zimekuwa rangi ya mkate. Mchunga umeisha. Kijani kimebaki mahali pamoja tu, nyuma ya bafu, bomba linapovuja, na hapo pameota yale majani yanayotambaa yenye maua ya buluu ambayo Wakikuyu huyaita mukengeria. Karani anayapenda kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeinama nachuma nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Wewe mama! Hiyo mukengeria ni ya sungura yangu!"

Ni Waringa, jirani wa nyumba ya mwisho, mwenye sungura kwenye vizimba vya mbao. Sauti yake inasikika mpaka Jogoo Road.

"Bomba ni la halmashauri," nikamwambia. "Uliipanda wewe?"

"Nani huwa anaziba hiyo shimo na matope maji isiende mtaroni? Wewe? Miaka yote sijakuona hapa. Leo umepata kobe anakula, sasa umekuwa mkulima!"

Watu wakatoka milangoni. Mimi nikashika majani, yeye akashika majani, tukavutana kama watoto. Yakakatika. Kila mtu akabaki na fungu lake. Hajui kushindwa, na mimi sijui.

Jumatatu, 21 Mei

Waringa amekuja mlangoni na sketi ya shule ya binti yake, imepasuka zipu. Akaitupa kwenye cherehani. "Shona. Halafu utachuma upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Ukivuka naita polisi."

Nimeshona. Nikaachilia na pindo, maana mtoto amerefuka. Waringa akaigeuza sketi, akaangalia ule mstari mpya chini, akaguna. Nadhani hiyo ndiyo asante yake.

Jumamosi, 9 Juni

Baridi imeanza. Karani anabeba makalio yake mwenyewe, hayagusi chini. Nimejaribu uzi. Ncha zinakutana vilevile. Sivunjiki moyo.

Jumanne, 26 Juni

Wingu. Nimeshona kola tu kutwa nzima.

Jumanne, 3 Julai

Wingu. Karani hajala jana wala leo.

Jumapili, 8 Julai

Jua tumelisahau. Ukungu unakaa kwenye mabati mpaka saa za chakula cha mchana, na makoti yameadimika kwa walanguzi wa nguo kuukuu. Asubuhi nilimkuta Karani macho yamefumba yamevimba, kichwa kimelala nje ya gamba kama kitu kisicho na mwenyewe. Puani kuna povu. Nilimgusa mguu, hakuuvuta ndani. Niliogopa. Naandika hivyo wazi, niliogopa, nikaona gunia la Mayi, nikaona na msichana wa kusaidia kazi akining'iniza nguo zake kwenye kamba zangu.

Baada ya ibada Lenah akaja na wanawake wanne wa kikundi, Biblia mkononi. Habari zilikuwa zimewafikia, sijui kwa njia gani. Wakasimama sebuleni wakimtazama Karani juu ya leso yangu.

"Tumekuja kuomba, dada," Lenah akasema. "Pengine Mungu ameanza kufungua nyumba yako."

Nikaelewa. Wamekuja kushukuru.

"Mmekuja kumwombea apone au afe?" nikauliza.

Lenah akahamisha Biblia mkono wa pili.

"Kama ni apone, karibuni, pigeni magoti, na mimi nitapiga nanyi. Kama ni lile lingine, mlango ni huo mlioingilia, na zile nguo zenu nitawarudishia bila kushonwa."

Walitoka. Mmoja tu, mama mnene anayeuza maharagwe, alisita, akapiga magoti haraka haraka, akasema maneno mawili matatu, akakimbia kuwafuata. Yeye nitamshonea vizuri.

Nikabaki nalia kwa hasira. Ndipo mlango ukasukumwa kwa teke. Ni Waringa, mikono yote miwili imeshika jiko lenye makaa mekundu.

"Unalia nini? Machozi ni baridi, yatamwongezea. Sungura yangu akikohoa namweka joto. Leta karai."

Tukatia maji ya vuguvugu kwenye karai, yamfike chini ya kidevu tu, tukamwogesha polepole. Tukamfuta pua kwa kitambaa cha pamba. Tukafungua dirisha kidogo kwa ajili ya moshi. Kisha nikavuta cherehani, nikaishusha taa yake ndogo ya kumulikia sindano, nikamlaza chini yake. Waringa aliketi nami mpaka watoto wake walipokuja kuulizia chakula. Aliniambia alipoteza mtoto kabla ya huyo wa sketi, na wakati huo watu walisema ni kwa sababu ya sungura. "Nikanunua sungura zaidi," akasema.

Nilikuwa nimemhesabu kuwa adui. Nimekuwa mjinga wa kuhesabu watu.

Dishon alirudi kutoka kazini akatukuta hivyo. Akatoa mfuko wa karatasi kwenye koti akauweka mezani. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai yaliyopondwa mpaka yakawa unga.

"Ya hoteli karibu na kazini," akasema. "Nyumbani kuku akitaga mayai laini, Mayi humpa maganda. Nikaona, gamba ni gamba. Nimekuwa nikinyunyizia majani yake tangu mwezi wa tano, ukiwa bafuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umenuna."

Jumatatu, 9 Julai

Macho yamefumba.

Jumanne, 10 Julai

Bado.

Jumatano, 11 Julai

Bado. Makaa yanaisha. Dishon amekwenda kuleta mengine bila kutumwa.

Ijumaa, 13 Julai

Povu limekauka. Bado hali chochote.

Jumapili, 15 Julai

Sijaenda kanisani. Kama Mungu ananitafuta anajua nilipo, niko kando ya karai.

Jumatano, 18 Julai

Amefungua jicho moja! Alinitazama kama karani yule yule, nimemsumbua wakati wa chai. Waringa akamwekea ua moja la buluu mbele ya mdomo. Alilifikiria sana. Akalila. Waringa akapiga kelele mpaka watoto wa shule wakasimama barabarani.

Jumapili, 5 Agosti

Jua. Namtoa kila siku asubuhi, namfuata kwa kiti na kazi yangu. Anakula upande wa kushoto wa bomba na, Waringa akiwa haangalii, upande wa kulia.

Jumanne, 14 Agosti

Nimeona kitu. Kati ya kila kigae na kigae cha gamba lake pana mstari mpya, mweupe, safi. Nimeutazama sana, nikakumbuka sketi ya binti wa Waringa. Ukiachilia pindo, kitambaa kilichokuwa kimefichwa huonekana hivyo, rangi yake haijaguswa na jua.

Sijachukua uzi. Ninaogopa kuuchukua. Nitausubiri ule mkono utakaoniletea gunia.

Jumamosi, 25 Agosti

Mayi amekuja.

Alishuka basi la usiku, Lenah akampokea stendi, akamleta hapa baada ya kupumzika. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo atalala kwa Lenah. Na chumba chetu cha kulala hawezi hata kukanyaga kizingiti chake. Dishon alilikumbuka hilo. Walipotokeza huko kwenye kona ya nyumba akaninong'oneza: "Mrudishe chini ya kitanda. Mayi hawezi kuvuka huo mlango. Atakaa siku mbili, atachoka, atarudi."

Nilikubali, ndiyo. Nilimtia kwenye katoni, nikamsukuma chini ya kitanda, nikafunga mlango, nikaja kumpokea Mayi mkoba wake kwa mikono miwili. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri chini ya kwapa lake, limefungwa kwa kamba ya katani.

Akanywa chai. Akatupa habari za mavuno. Lenah ameketi kando yake, macho chini, miguu pamoja. Kisha tukasikia kule chumbani: kwaru, kwaru, kwaru. Karani anakwangua katoni. Miezi hii yote amezoea kutoka wakati huo kwenda juani.

Mayi akaweka kikombe. "Niletee."

Dishon akanitazama akitikisa kichwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na mila ilikuwa imesimama mbele yake kama askari. Ningeweza kukaa. Lakini nilisikia ile kwaru, kwaru, nikajua ni lile giza la chini ya kitanda lililomlainisha gamba, na ni mimi tena ninamrudisha kule kwa sababu ya kuogopa watu. Nikaingia. Nikambeba mikononi bila katoni, nikatoka naye, nikapita sebuleni, nikaenda kumweka nje kwenye nyasi chini ya kamba. "Huyu hapa, Mayi. Njooni mumwone kwenye mwanga."

Walitoka wote. Karani hakusubiri mtu. Alisimama kwa miguu minne, tumbo juu, akaanza safari yake ya bombani.

Mayi alimfuata, akainama kwa shida, akamshika. Akabonyeza gamba kwa kidole gumba. Akabonyeza tena. Akaligonga kwa konzi, likalia ko, ko.

"Lenah, ulisema ni laini."

"Ilikuwa laini, Mayi. Labda amenunua nyingine."

Nilirudi ndani, nikachomoa pini kwenye pazia. Uzi ulikuwa umepauka upande uliopigwa na jua. "Mayi, huu nilimpima nao kabla ya Pasaka. Ncha zilikutana. Zungusha mwenyewe, nisishike mimi."

Akazungusha. Akavuta ncha hii, akavuta ile. Hazikufika. Kati yazo paliingia kidole cha Mayi, kikakaa pale juu ya ule mstari mweupe. Waringa alikuwa kwenye ukuta wake na kikapu cha majani, amerefusha shingo kama Karani.

"Amekua," Mayi akasema.

Nikapumua. Nilidhani yamekwisha. Kisha akanyanyuka, akajifuta mikono kwa lile gunia, akanitazama usoni. "Basi haikuwa yeye. Ni wewe."

Kwetu mkwe hajibu. Nimelelewa hivyo, na mama yangu angeniona angefunika uso. Lakini lile neno lilinijia likiwa limekwisha kuiva. "Kama ni mimi, Mayi, hilo gunia ni dogo."

Lenah akashika mdomo. Mayi akasimama tu, na mimi sikushusha macho. Tungebaki pale mpaka jioni. Ni Dishon aliyesogea, akaja akasimama upande wangu, kofia mkononi, akiikunja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mayi, Nangila alikwenda hospitali mwaka juzi. Hana kasoro. Walisema niende mimi." Akaikunjua kofia. "Ni mimi niliyekataa. Niliogopa. Msilete msichana. Mtamleta aje kulaumiwa kwa kitu ambacho pengine ni changu."

Karani alikuwa amefika bombani, tukasikia anavyokata majani.

Jumapili, 26 Agosti

Mayi amepita kuaga kabla ya basi. Lenah hakuja naye, ati kichwa kinamuuma. Mayi hakuomba msamaha, na mimi sikuomba. Nilimpa chai, na mandazi.

Kisha nilimwona kupitia dirishani. Ameinama kwenye nyasi, amemshikia Karani tonge la ugali wa jana, anamwita kwa lugha yetu, sauti ile ya kubembeleza watoto. Karani akalinusa tonge. Akalipita.

"Ana kiburi," Mayi akasema alipogundua nimesimama nyuma yake.

"Amepona, Mayi."

Akalitazama tonge, akalila mwenyewe. "Huyo daktari," akasema akitafuna, "Dishon anamwona lini?"

"Kesho. Amebadilisha zamu."

Akaitikia kwa kichwa, akainua mkoba wake. Gunia amelisahau kwenye kamba ya nguo, au amejisahaulisha, sitamuuliza. Hatujui daktari atasema nini. Akisema vyovyote, mimi siendi popote, na Karani haendi popote. Waringa anasema lile gunia linatosha majani ya siku nzima, yake na yangu, kwa hiyo tumelichukua na kwenda nalo bombani. Uzi wa zamani nimeutupa kwenye jiko. Nimekata mwingine, na huu nimeuacha mrefu.